Kuijua Presha na Kuiweza

Katika ukoo wetu presha haihitaji kutambulishwa. Babu mzaa mama alipata kiharusi akapooza upande mmoja, mama mkubwa anayo, mjomba anayo, na ukimuuliza yeyote kati yao kama anaijua presha atakushangaa, kwa sababu ni jambo linalozungumzwa msibani, harusini na kwenye simu za jioni. Hata hivyo, nilipoanza kumsindikiza mama mkubwa kliniki huko Tanga, kila nilipopata nafasi ya kutoka Dar es Salaam, niliona kwamba kuijua presha kwa jina na kwa hofu ni jambo moja, na kuzitumia taarifa zinazotolewa kliniki ili mishipa ya damu isiharibike ni jambo jingine kabisa. Umbali ulioko kati ya mambo hayo mawili ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya hatari ya ugonjwa huu imo humo.

Mama mkubwa ni mwalimu mstaafu. Amefundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii kwa miaka mingi, anasoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na barua zote za ukoo zinazohitaji lugha ya heshima huandikwa na yeye. Daftari lake la kliniki, lile la kawaida la shule lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, limejaa vipimo vilivyoandikwa kwa haraka: 168/96, 174/100, 158/94. Nilimuuliza namba hizo zina maana gani. Akanijibu bila kusita kwamba ya juu ni ya moyo na ya chini ni ya damu, na kwamba alielezwa hivyo na mama mmoja waliyekaa naye kwenye benchi wakisubiri zamu. Nilipomuuliza anatakiwa afike ngapi, alicheka: “Mwanangu, hilo wanalijua wao.”

Kwa kweli namba zote mbili ni za damu hiyo hiyo. Ya juu ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa pale moyo unapobana, na ya chini ni ile inayobaki moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki kwa sababu vipimo vya mwanzo vilikuwa na bomba la zebaki lenye alama. Kwa miongozo inayotumika sehemu nyingi, mtu mzima anayepimwa kliniki kwa siku tofauti na kukutwa na 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, anahesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Lakini mwili hauna ukuta unaoanzia 140. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya taarifa za watu wazima wapatao milioni moja kutoka tafiti 61, ulionesha kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu inapopanda kwa 20, au ya chini kwa 10, hatari ya kufa kwa kiharusi huongezeka zaidi ya mara mbili na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara mbili, na mwendo huo huanzia chini kabisa, kwenye 115/75. Kwa hiyo mtu aliyetoka 174 akafika 158 amepata faida ya kweli, na bado ana safari. Hayo ndiyo ambayo daftari la mama mkubwa lilikuwa likiyasema miezi yote hiyo, na hakuna aliyemsomea.

Wataalamu wana jina la uwezo huu ninaouzungumzia: uelewa wa afya, yaani uwezo wa mtu kupata taarifa za afya, kuzifahamu, kuzipima na kuzitumia. Don Nutbeam, mtaalamu wa afya ya jamii, aliugawa mwaka 2000 katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kusoma na kufuata maelekezo, ya pili ni kuzungumza na wahudumu na kupata kutoka kwao unachokihitaji, na ya tatu ni kuzichambua taarifa zenyewe na mazingira yanayoathiri afya yako. Mama mkubwa ana ngazi ya kwanza kwa wingi. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikimwangusha, na wala si kwa kosa lake peke yake, kama nitakavyoeleza.

Utafiti unaotajwa sana katika jambo hili ulichapishwa mwaka 1998, na ulifanyika Marekani kwa wagonjwa wa presha na wa kisukari waliokuwa wakitibiwa katika hospitali za umma. Miongoni mwa wagonjwa wa presha walioweza kusoma vizuri, 92 kati ya 100 walijua kwamba 160/100 ni kipimo cha juu; miongoni mwa wale waliosoma kwa shida kabisa, waliojua walikuwa 55 tu. Watu hao walikuwa tayari wagonjwa, wenye daktari na kadi. Karibu nusu ya waliosoma kwa shida waliweza kuangalia namba inayowatishia maisha na kuona ni ya kawaida. Ni haki pia kusema kwamba tafiti zilizofuata hazikubaliani kuhusu hatua ya mwisho. Uelewa mdogo unakwenda sambamba na ufahamu mdogo wa ugonjwa karibu kila ulipopimwa, lakini si kila mahali unakwenda sambamba na presha iliyopanda. Wapo wanaojua kila kitu na mashine inawasomea 170. Mimi mkanganyiko huo haunishangazi, kwa sababu kujua hakuteremshi presha. Kinachoiteremsha ni kidonge kilichomezwa, chumvi isiyotiwa, mwili uliotembea.

Huku kwetu tatizo huanza mapema zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari wilayani Hai, ulikuta presha kwa karibu watu watatu katika kila kumi. Kati ya hao wenye presha, waliojua kwamba wanayo hawakufika 20 kwa 100, waliokuwa wakipata tiba walikuwa takriban 10, na ambao presha yao ilidhibitiwa hawakufika hata mmoja. Ni takwimu za zamani na hali imebadilika kiasi, lakini umbo lake limebaki. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha maishani, na miongoni mwa waliokutwa nayo, chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa na habari.

Wanawake wengi hupimwa angalau wakati wa ujauzito, maana kliniki ya wajawazito haimwachi mama bila kumfunga mkanda mkononi. Mwanamume wa umri huo huo anaweza kufika miaka 50 bila kuguswa na mashine hiyo, na akipewa habari ya presha yake kwa mara ya kwanza, mara nyingi anapewa akiwa amelala wodini.

Ukishapimwa na kuambiwa, unakutana na mtego ambao nadhani sisi wenyewe tumeutega kwa nia njema. Kwa miongo mingi elimu ya afya tuliyopewa ilihusu maradhi yanayokuja na kuondoka. Unaumwa malaria, unapewa dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, unameza vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, umemaliza dozi, umepona. Tumefundishwa kumaliza dozi kwa mabango, kwa redio na kwa nyimbo za shule, na somo limeingia vizuri. Sasa mtu huyo huyo anapewa dawa za presha za mwezi mmoja. Anazimeza kwa uaminifu mpaka cha mwisho, anajisikia vizuri (hakuwa akijisikia vibaya tangu mwanzo), na anahitimisha kwamba dozi imekwisha na ugonjwa umekwenda. Mjomba wangu alifanya hivyo mara ya kwanza. Wahudumu humwita mgonjwa wa namna hiyo mtoro wa dawa, na mimi naona ni mwanafunzi mzuri aliyelitumia somo la malaria kwenye ugonjwa ambao haukuwa na somo lake.

Jambo hilo linazidishwa na ukimya wa presha yenyewe. Imani iliyoenea mitaani ni kwamba presha ikipanda utaijua, kichwa kitauma kisogoni, moyo utakwenda mbio, macho yataona ukungu. Yapo matukio ya namna hiyo, hasa ikipanda kupita kiasi, lakini wengi wenye 160 au 170 hawasikii kitu. Anayesubiri dalili ndipo ameze kidonge anaitibu presha kwa ratiba ya kichwa, wakati figo na mishipa ya ubongo inaumia kwa ratiba nyingine. Kuna pia jambo la mawazo. Karibu kila mtu atakuambia presha inaletwa na mawazo, na kliniki yenyewe huliimarisha hilo kwa kumalizia kila ushauri na maneno “na usiwe na mawazo.” Msongo unaweza kupandisha kipimo kwa muda, sikatai. Lakini nimemsikia jirani akisema kwamba presha yake aliletewa na mtoto wake aliyeuza kiwanja cha familia, na kwa kuwa mtoto ameshaomba msamaha, dawa hazihitaji tena. Ukikubali chanzo alichokitaja, hitimisho lake halina kasoro.

Nirudi kwa mama mkubwa, kwa sababu kisa chake cha bahasha kinaonesha jambo hili kwa karibu kuliko takwimu. Alikuwa akipewa amlodipini, dawa ya kushusha presha, za miligramu 5, mbili kwa siku, na kwenye bahasha ya dawa iliandikwa 2x1, kama ilivyo kawaida ya madirisha ya dawa: vidonge viwili, mara moja. Mwezi mmoja kituo alikokwenda hakikuwa na vidonge vya miligramu 5, akapewa vya miligramu 10, na bahasha ikaandikwa 1x1. Aliyekuwa dirishani hakusema neno. Nguvu ya kidonge ilichapwa nyuma ya karatasi ya fedha kwa herufi ambazo hata mimi nilizisogeza kwenye mwanga. Mama mkubwa aliona kwamba amepunjwa, kwamba dawa zimepungua stoo na wagonjwa wanagawiwa nusu nusu, jambo ambalo si geni, akaendelea kumeza viwili. Miligramu 20 kwa siku, mara mbili ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Baada ya muda miguu ilivimba mpaka viatu havikuingia. Akajiambia figo zimeanza kushindwa, kwa kuwa alisikia kwamba presha humalizia kwenye figo, na akakaa na hofu hiyo bila kumwambia mtu hadi nilipofika. Kuvimba vifundo vya miguu ni athari inayojulikana ya amlodipini, na huongezeka kadiri dozi inavyopanda. Angeambiwa sentensi moja dirishani, “Mwalimu, hiki kimoja kina nguvu ya vile viwili vya zamani,” mambo yasingefika huko.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mabango yanayomtaka mgonjwa aelimike. Mama mkubwa alisoma kila alichopewa kusoma. Alizifuata pia hesabu, maana zamani ilikuwa viwili na hakuna aliyembadilishia kwa maneno. Uelewa wa afya hauishi ndani ya kichwa cha mgonjwa peke yake. Unatengenezwa kati ya watu wawili, na mmoja wao, yule mwenye koti jeupe, ndiye anayejua ni kitu gani kimebadilika.

Ushauri wa chumvi nao una kasoro hiyo hiyo. “Punguza chumvi” ni agizo lisilo na kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa chumvi yote, iliyotiwa jikoni, iliyoongezwa mezani na iliyojificha ndani ya vyakula. Nyumbani kwa mama mkubwa hakuna kichupa cha chumvi mezani, na yeye alihesabu kwamba ameshaacha, kwa sababu aliambiwa chumvi mbichi ndiyo mbaya. Imani hii ya chumvi mbichi na iliyopikwa nimeikuta kila mahali, na inatoa ruhusa kubwa: ilimradi imechemka, haina madhara. Mwili hautofautishi. Sodiamu iliyochemka kwenye mchuzi ni ile ile iliyonyunyizwa kwenye embe bichi. Na vyakula vya pwani tunavyovipenda vina chumvi kabla hata sufuria haijabandikwa: papa mkavu, dagaa wa chumvi, achari, vipande vya viungo vya mchuzi vinavyouzwa dukani, muhogo wa kuchoma na unga wake wa pilipili na chumvi. Nilikaa naye jikoni tukapima kwa kijiko anachotia kwenye mchuzi wa samaki mkavu wa watu wanne, na papo hapo alisema mwenyewe kwamba samaki aloweke usiku kucha, maji yamwagwe, na chumvi isitiwe kabisa. Hilo ni agizo linalotekelezeka. “Punguza” halitekelezeki.

Pamoja na hayo, kuna ushahidi unaopaswa kutupunguzia imani yetu kubwa katika mafunzo. Nchini China, katika vijiji 600, watu karibu 21,000 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi, au waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi wenye presha, walifuatiliwa kwa miaka karibu mitano. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida, na nusu vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliobadilishiwa chumvi. Hawakuhitaji kuhitimu darasa lolote. Waliendelea kupika. Chumvi hiyo haimfai kila mtu, kwa sababu mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha kama losatani, anaweza kupandisha potasiamu kwa hatari, kwa hiyo ni jambo la kumuuliza daktari kwanza. Lakini funzo lake kwa wapangaji wa afya liko wazi: pale unapoweza kubadilisha kitu chenyewe, usimbebeshe mgonjwa mzigo wa kukielewa.

Somo kama hilo lilitoka kwenye saluni za kunyolea za Los Angeles, Marekani. Wanaume Weusi 319, wateja wa saluni 52, wote wakiwa na presha ya juu, waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilihimizwa na vinyozi wao kubadili mwenendo na kwenda kwa daktari. La pili lilikutana na mfamasia hapo hapo kwenye kiti cha kunyolea, naye akawapima, akawaandikia dawa na kuwafuatilia. Baada ya miezi sita, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, namba ya juu ilishuka kwa 9 kwa waliohimizwa na kwa 27 kwa waliokutana na mfamasia. Ushauri kutoka kwa mtu wanayemwamini ulisaidia. Ushauri uliofuatana na dawa mahali pale pale ulisaidia mara tatu.

Hata kupimwa kwenyewe kunahitaji ujuzi ambao hatupewi. Kipimo sahihi kinataka mtu awe amepumzika dakika tano, hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, kibofu kikiwa kitupu, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda unalingana na unene wa mkono, na mdomo umefungwa. Nimeangalia foleni ya asubuhi. Mgonjwa anaitwa, anatembea haraka asipitwe, anakaa kwenye stuli, mkono unaning’inia, na mkanda unapojaa muuguzi anamuuliza umri, mtaa na jina la mwenyekiti. Namba inayotoka hapo inaweza kuzidi ya kweli kwa milimita kadhaa, pengine za kutosha kuongezewa dawa. Mgonjwa anayejua hayo angesema, “Samahani nesi, naomba nipumzike kidogo kwanza.” Lakini nani atasema? Kwetu mgonjwa mwema ni yule anayeitikia. Daktari anauliza, “Umeelewa, mama?” na jibu ni “Nimeelewa, daktari,” hata kama hakushika neno, kwa sababu kusema sijaelewa ni kama kumwambia hajui kueleza, na nyuma yako wako watu arobaini.

Nimemwona muuguzi mmoja kijana aliyeliepa tatizo hilo kwa adabu. Baada ya kumweleza mama mkubwa dawa zake, hakumuuliza kama ameelewa. Alisema, “Shikamoo tena mwalimu, hebu nifundishe na mimi. Ukifika nyumbani mjukuu akikuuliza dawa hizi unakunywaje, utamwambiaje?” Mama mkubwa akaeleza, akakosea kwenye losatani, kijana akamrekebisha, akaeleza tena. Haikuzidi dakika mbili. Kisha akachukua kalamu na kuandika juu ya daftari, kwa herufi kubwa, LENGO: CHINI YA 140/90. Tangu siku hiyo mama mkubwa hunipigia kunisomea kipimo kabla hajaniuliza hali.

Mjomba yuko Muheza, na kisa chake ni kigumu zaidi, kwa sababu sasa anajua kila kitu. Anajua dozi haiishi, anajua lengo lake, hatii chumvi. Presha yake ilikaa juu ya 160 kwa muda mrefu, na kila alipokwenda aliongezewa dawa nyingine. Ukweli ni kwamba dawa alizoandikiwa mara nyingi hazikuwepo kituoni, na kwenye duka la dawa muhimu zilimshinda bei, kwa hiyo alikuwa akizimeza siku moja na kuruka siku moja ili zifike mwisho wa mwezi. Kila daktari alimuuliza kama anatumia dawa, naye alijibu ndiyo, na hakudanganya. Ndipo mmoja akamuuliza swali jingine: vidonge vya mwezi uliopita vilibaki vingapi, na ulinunua kwa shilingi ngapi? Mjomba akaeleza yote. Akabadilishiwa dawa tatu kuwa mbili za bei nafuu, zote za mara moja kwa siku, na akaandikiwa za miezi miwili. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa 138/86.